Bakuli la Mbwa

Mwaka 2011 nilikuwa na miaka ishirini na moja, nasoma chuo hapa Nakuru na kuishi kwa mama mdogo, Kaptembwa. Kila Jumapili baada ya kanisa nilimwambia naenda kusoma na wenzangu. Nilikuwa naenda kibanda cha muvi.

Kilikuwa chumba cha mabati: kompyuta moja ya kuchomea disiki, ukuta uliojaa picha za filamu, televisheni ya inchi 14 na benchi mbili. Mwenyewe tulimwita Mzee ingawa hakuwa amefika hamsini. Kila mtu alitoa shilingi ishirini, naye akatuwekea Battlestar Galactica, tamthilia ya Kimarekani ya vita vya angani. Tulikuwa wanne wa kudumu: mimi, dada wa M-Pesa, kijana fundi wa stima, na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akiandika mambo kwenye daftari. Mzee alikaa nyuma yetu kwenye stuli. Hakuwahi kuchangia neno.

Mama mdogo alikuwa amenikataza kukanyaga pale. Mwishoni mwa Januari 2008, Nakuru ilipowaka kwa vurugu za baada ya uchaguzi, Mzee alionekana kwenye kizuizi cha barabara, ameketi na vijana wa vurugu, anakunywa nao chai. Usiku wa pili nyumba ya mama mdogo ikachomwa. Alitoka na watoto wake wawili na nguo walizovaa, wakafika Showground, uwanja wa maonyesho uliogeuzwa kambi ya waliofukuzwa makwao, alfajiri, wakaishi kwenye hema hadi Juni. Simu yake ilikuwa imezima tangu juzi yake kwa sababu stima ilipotea. Alipopata mahali pa kuchaji kule Showground, meseji ikaingia kutoka laini asiyoijua: "Tokeni usiku huu. Msingoje asubuhi." Ilikuwa imechelewa siku moja. Meseji hiyo alinisimulia mara nyingi, na kila mara alisema maneno yale vilevile, kama mtu anayesoma. Majirani wengine waliipata kwa wakati. Siku zile simu zilijaa meseji za chuki na za uongo, kwa hiyo kuna waliodhani ni mtego wakabaki, na kuna waliobeba watoto wakatoka.

Hakuna aliyemwona Mzee akimwonyesha mtu kidole. Lakini alikuwa pale kwenye kizuizi, na hiyo ilitosha.

Mbona basi nilienda? Kwa sababu ya ubao. Mwanzoni mwa hadithi, Wasailoni, mashine zilizotengenezwa na binadamu wenyewe, wanaangamiza sayari kumi na mbili. Wanaosalimika wanakimbia angani kwenye msafara mmoja wa meli. Rais Roslin anaandika kwenye ubao mweupe idadi ya binadamu waliobaki hai, kama elfu hamsini hivi. Wakifa, anapunguza. Kuna sehemu inayoishia mtoto amezaliwa, naye anafuta namba na kuongeza moja. Nilipoiona nilimkumbuka mama mdogo Showground, akipanga foleni ya kuandikishwa, na nikajua hadithi hii sitaiacha mpaka iishe.

Jumapili ninayoisema tulikuwa msimu wa tatu, ule ulioonyeshwa Marekani kuanzia Oktoba 2006. Binadamu wamechoka kukimbia, wametua kwenye sayari ya baridi na matope, na Wasailoni wamewakuta huko wakawatawala. Wengine wanapigana kwa siri. Wengine wanafanya kazi na watawala. Kanali Tigh, kiongozi wa wapiganaji, ametoka gerezani ameng'olewa jicho. Mkewe Ellen ndiye aliyemtoa, kwa kulala na mmoja wa wakubwa wa Wasailoni. Kisha mkubwa huyo anadai zaidi, na Ellen anampa ramani ya mahali wapiganaji watakapokutana. Tigh anapojua, anamletea kikombe chenye sumu kwa mkono wake mwenyewe. Ellen anakunywa na kufia mikononi mwake.

Disiki ilipofika hapo tulianza kubishana hata kabla majina hayajapanda. Mimi nilisema Ellen alistahili. Ramani ile iliwaletea wenzao risasi, na mapenzi kwa mumeo hayakupi ruhusa ya kuuza watoto wa wenyewe.

"Na Tigh?" fundi akauliza. "Si ni yeye aliyewafunga vijana mabomu mwilini akawatuma wajilipue? Hakumuua kwa ajili ya ramani. Angemwacha hai, angewaambia nini wazazi wa wale vijana?"

Sikuwa nimeliona hivyo. Bado naamini lile jibu la fundi ndilo lililo karibu zaidi na ukweli wa mtu yule: aliyetoa watoto wa wengine hakuwa na njia ya kumbakisha wake.

Dada wa M-Pesa yeye alishikilia kwamba Ellen alijua kilichomo. "Rudisha nyuma," akamwambia Mzee. Mzee akarudisha. Tukamwona Ellen anakitazama kikombe, anamtazama mumewe, anakunywa. "Mwanamke anajua mkono wa mumewe ukitetemeka. Alikunywa ili asije akauawa na mtu mwingine, halafu Tigh aishi na kisasi." Mwalimu akasema hapana, uso ule ni wa mtu anayetaka kusamehewa, hana habari nyingine. Tulirudisha mara tatu. Hatukukubaliana.

Sehemu iliyofuata ni ya Gaeta. Luteni Gaeta alikuwa msaidizi wa Baltar, rais aliyemfuata Roslin akasalimu amri kwa Wasailoni, kwa hiyo watu walimwona kila siku katika ofisi ya msaliti. Wasichojua ni kwamba alikuwa akiwapelekea wapiganaji habari za siri. Ishara yake ilikuwa bakuli la mbwa: likipinduliwa, Chifu Tyrol anajua kuna ujumbe. Tyrol hakuwahi kujua nani analipindua. Baada ya kutoroka, watu sita wanakaa kwa siri na kuwahukumu walioshirikiana na adui, wanawafungia katika chumba cha kutupia vitu nje angani. Gaeta anapigishwa magoti humo. Anaambiwa aombe maisha yake, anakataa. Anapotaja bakuli la mbwa, Tyrol anashtuka.

"Huyu naye!" fundi akapiga paja. "Maneno mawili tu. Angesema tangu mwanzo."

"Aseme kwa nani?"

Tuligeuka. Mzee alikuwa ameinama, viwiko juu ya magoti, rimoti imening'inia kati ya vidole.

"Kwa Chifu," mwalimu akajibu.

"Anayesema vita vikiisha huambiwa ametunga, mwalimu. Na ukitaka kumsaidia mtu kutoka kule upande wa pili, lazima uonekane upande wa pili. Chai utainywa. Utacheka nao." Akanyamaza. Kwenye televisheni Roslin, amerudi kuwa rais, alikuwa anatangaza msamaha kwa wote na kuunda tume ya ukweli na maridhiano, na siku nyingine tungepiga kelele, maana mwaka huo Tume yetu ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuwa inazunguka nchini ikisikiliza watu. Hakuna aliyeangalia. "Mimi nilinunua laini mpya nikatuma kwa wote niliokuwa na namba zao. Tokeni usiku huu, msingoje asubuhi. Laini nikaitupa kwenye choo. Kuna ambao haikuwafikia."

Mikono yangu ilipoa. Nilitaka kumwambia ilifika, ila ilichelewa. Nilitaka kumwambia jina la mama mdogo. Nilikumbuka jinsi nilivyosema, dakika chache tu zilizopita, na kwa sauti, kwamba msaliti anastahili sumu, naye amekaa hatua mbili nyuma yangu. Nikashindwa kufungua mdomo.

"Niweke nyingine?" akauliza.

"Inatosha leo, Mzee," dada wa M-Pesa akasema taratibu.

Nyumbani nilimkuta mama mdogo anasonga ugali. Nilikaa kwenye kigoda karibu na jiko nikamwambia yote: kwamba nilikuwa namdanganya kila Jumapili, kibanda, meseji, laini iliyotupwa. Nilitegemea anigombeze. Mwiko ulisimama katikati ya sufuria. Moshi ulikuwa unamwingia machoni na hakuupisha.

"Alisema maneno yenyewe?"

"Yote, mama."

"Na 'msingoje asubuhi'?"

"Hata hiyo."

Ugali ulianza kushika chini, nikasikia harufu yake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Miaka mitatu tunapishana njiani. Mbona hakuniambia?"

Nilimpokea mwiko nikaendelea kusonga.