Yangeyange wakiwinda: kumbukumbu ya mradi, awamu ya tatu

Vifaa vya kuwapiga picha ndege hawa weupe wa majini ni vilevile: lenzi ya mm 500, tundu la kupitisha mwanga f/5.6, kamera ya megapikseli 24, faili za RAW (data ghafi ya kamera) za biti 14. Kilichobadilika ni mahali kamera inapokaa. Tripodi ya urefu wa kifua imeachwa. Kamera sasa inalala juu ya mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage, sentimita 20 hivi kutoka usawa wa maji. Ukipiga kutoka juu, nyuma ya ndege kuna maji yaliyo karibu naye, na kila kiwimbi kinaonekana. Ukishuka, nyuma yake ni ng'ambo ya mbali, nayo hufifia yenyewe. Kufifisha mandhari kwenye kompyuta kumeondoka kabisa katika mradi huu, na hilo pekee linatosha kuvumilia matope.

Weupe ndio uliosumbua zaidi. Kipima mwanga huichukulia fremu nzima kama kijivu cha wastani. Yangeyange akionekana mdogo kwenye fremu mbele ya maji meusi, kamera huongeza mwanga na manyoya ya mgongoni huungua, yaani huwa meupe matupu. Akijaza fremu, hupunguza na weupe hugeuka kijivu. Fidia ya mwanga (kuiagiza kamera ipunguze au iongeze mwanga) ya -1 hufaa hali ya kwanza na kuharibu ya pili, kwa hiyo sasa kila kitu hupangwa kwa mkono: kasi ya 1/2000 ya sekunde, f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 640 jua likiwa bado chini. Jua linavyopanda, ISO hushushwa. Histogramu (grafu ya mgawanyo wa mwanga kwenye picha) itazamwe ya rangi tatu, si ile ya mwanga peke yake: katika mwanga wa asubuhi wenye umanjano, nyekundu hugonga ukingo wa kulia kwanza. Unyoya ulioungua hauna kitu cha kurudisha. Ukivuta weupe chini, utapata baka la kijivu lisilo na michirizi.

Kwa ndege anayedona samaki, 1/2000 hutosha shingo, lakini matone bado huvutika kidogo. 1/3200 huyasimamisha, kwa gharama ya theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga kupungua kwa nusu).

Jua likishapanda, mazigazi huanza juu ya maji na jicho hupoteza ukali hata kama fokasi imekaa sawa. Kuongeza ukali baadaye hukazia mawimbi hayo ya hewa tu. Dawa ni kusogea karibu bila kumshtua ndege, au kufunga kazi.

Uhariri sasa una mpangilio usiobadilika. Kwanza mizani ya weupe (kurekebisha rangi ili cheupe kionekane cheupe), ikipimwa kwenye unyoya ulio juani. Kivuli kibaki na ubluu wake kiasi, maana ni mwanga wa anga. Kisha weupe hushushwa mpaka michirizi ya manyoya ionekane. Chenga (punje punje zinazoletwa na ISO) huondolewa kwenye maji pekee, kwa kumfunika ndege na maski, kwa sababu programu haitofautishi chenga na nyuzi za unyoya. Ukali huongezwa mwishoni kwa nusu kipenyo (upana wa ukingo unaokazwa) ya pikseli 0.8; ukipita 1.5, mstari mweupe hujichora kuzunguka mdomo.

Rangi haziguswi moja moja. Yangeyange wa spishi ya yangeyange mkubwa akiingia msimu wa kuzaliana, ngozi kati ya jicho na mdomo hugeuka kijani. Ukiivuta irudi kwenye njano kwa sababu inapendeza, umefuta habari ya msimu. Vivyo hivyo kwa yangeyange mdogo, spishi nyingine: miguu myeusi na vidole vya njano ndivyo vinavyomtambulisha, na vivuli vikizamishwa mno tofauti hiyo hupotea.

Kufuta vitu ndiko kulikojadiliwa kwa muda mrefu. Madoa ya vumbi la sensa (kipande cha kamera kinachopokea mwanga) hufutwa, hayakuwapo majini. Tete lililokatiza kifua hubaki, kwani yangeyange huwinda kati ya matete na picha inasema hivyo. Ncha ya bawa iliyokatwa na fremu haiongezwi kwa programu: picha huwekwa kando. Kukata kingo kunaruhusiwa hadi pikseli 3000 kwa 2000, ambazo kwa nukta 300 kwa inchi hutoa chapa ya sentimita 25 kwa 17.

Kilichobaki awamu hii ni kuchapa faili sita kwenye karatasi isiyong'aa na kukagua kama michirizi ya weupe inayoonekana kwenye skrini inafika kwenye karatasi.