Tetesi za Juni: zipi za kuzipima, zipi za kuziacha zipite

Hotuba ya ufunguzi ya mkutano wa Apple wa kila Juni kwa kawaida huanza saa 4 asubuhi kwa saa za California. Kwetu Mombasa ni saa 2 usiku: watu wametoka kuswali Isha, muuza kahawa ameshapita barazani, simu ziko mkononi. Lakini maneno huwa yameanza mwezi mzima nyuma. Jina la toleo jipya la macOS, mfumo wa kompyuta za Mac, Mac mini ya umbo jingine, laptopu ya skrini ya kugusa, kila mmoja ana lake alilolipata mahali. Tetesi hizi si za kudharau, maana nyingine zimesema kweli miaka miwili kabla ya wakati. Shida ni kwamba tunazipima kwa utamu wake, na swali linalogusa mfuko wa mtu wa Mombasa halipati mjadala: siku ya tangazo, mashine zipi zitaachwa nje?

Windows 11 ndiyo mfano unaoonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 2015 mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisema jukwaani kwamba Windows 10 ndiyo Windows ya mwisho, na watu wakayashika maneno yale kama ahadi. Juni 2021 ukatoka mwaliko wenye nembo ya dirisha, mwanga ukipenya na kuanguka sakafuni. Waliotazama kwa makini waliona kwamba mwanga ule ulikosa mstari wa kulala. Ilibaki michirizi miwili iliyosimama, kama 11. Ikatoka na video ya milio ya kuwashia Windows, imepunguzwa kasi, urefu wake dakika 11. Na saa ya hafla nayo, kwa hesabu ya Kiingereza, ilikuwa 11 asubuhi ya New York. Anayehesabu saa kwa Kiswahili asingeiona dalili hiyo, kwani kwetu hiyo ni saa 5 asubuhi, na kwa Mombasa iliangukia saa 12 jioni, Magharibi ikikaribia kuadhiniwa. Siku chache kabla ya hafla, nakala yenyewe ikavuja. Mashabiki wakaipakua, wakaonyeshana kitufe cha Start kilichohamia katikati na madirisha yenye pembe za duara.

Yote yalikuwa kweli. Ila tarehe 24 Juni ilipofika, lililokuja kuwaumiza watu halikuwa kitufe. Lilikuwa ni sharti: TPM 2.0, yaani kijenzi cha usalama ndani ya mashine, na kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Wiki nzima watu walikuwa na nakala mkononi wakibishana juu ya rangi za ikoni.

Hapa Mombasa sharti hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu laptopu nyingi tunazonunua ni za ex-UK, zilizokwisha kutumika ofisini Ulaya. Msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mpango wa ziada wa masasisho ya usalama kwa watu binafsi unafika 13 Oktoba 2026 tu. Kibandiko cha dukani huandikwa "Core i5" na kuishia hapo, na neno hilo pekee halikwambii kitu. Kwa kawaida HP EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, G4 ni cha 7, G5 ndiyo inayoingia kizazi cha 8. Lenovo ThinkPad T470 inabaki nje, T480 kwa kawaida inaingia. Dell Latitude 7480 inabaki nje, 7490 kwa kawaida inaingia. Kwa macho mashine hizi ni mapacha, na tofauti ya bei huenda ikawa ndogo, lakini moja ina njia ya mbele na nyingine haina.

Usikubali kutajiwa kizazi kwa mdomo. Soma jina kamili la prosesa. Kwenye i5-7300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 7, basi ni kizazi cha 7. i5-8250U ni cha 8. Kuanzia cha 10 tarakimu zinakuwa mbili: i5-10210U ni cha 10, na i5-1135G7, ambayo watu huisoma vibaya wakadhani ni ya zamani, ni cha 11. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, utazame mstari wa "Specification Version", unataka 2.0. Rudia Windows na R, andika msinfo32, utazame "BIOS Mode". Ikisema Legacy, njia ya zamani ya kuwasha mashine, badala ya UEFI, njia mpya, usiikimbie mashine kama prosesa ni nzuri. Hiyo inarekebishika, mradi ufuate mpangilio.

Mpangilio wenyewe ni huu, na ndipo wengi wanapoharibu. Hifadhi nakala ya faili zako kwenye diski ya nje. Kama BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, imewashwa, isimamishe kwanza. Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Amri hiyo inakagua kama diski inaweza kugeuzwa kutoka muundo wa zamani wa MBR kwenda GPT. Ikikubali, rudia ukiweka /convert mahali pa /validate. Sasa ndipo uzime, uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, ubadilishe Legacy kuwa UEFI na kuwasha Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha. Ukiibadilisha BIOS kabla ya kugeuza diski, mashine itawaka isione mfumo wowote, na utaambiwa diski imekufa ilhali ni nzima. Na kama validate ikikataa, hesabu kwanza sehemu za diski: zikizidi tatu za msingi haikubali. Mafundi wengi hugawa diski kuwa C, D na E, na zile ndogo zilizofichika zikiongezeka hesabu inapita.

Upande wa Mac historia imejirudia karibu neno kwa neno. Mwishoni mwa Mei 2025 Bloomberg iliandika kwamba Apple itaacha kuhesabu matoleo moja moja na kufuata mwaka. Mjadala ukawa juu ya namba hiyo, na kweli tarehe 9 Juni macOS ikaruka kutoka 15 hadi 26, jina Tahoe. Habari nzito zaidi haikuwamo katika hotuba kuu. Ilisemwa kwenye kikao cha pili, kile cha waundaji programu, ambacho kwa saa zetu kilianza saa 5 usiku: Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel. Na hata kwenye Tahoe waliingia wanne tu wa Intel, yaani MacBook Pro ya inchi 16 ya 2019, MacBook Pro ya inchi 13 ya 2020 yenye matundu manne ya Thunderbolt, iMac ya inchi 27 ya 2020 na Mac Pro ya 2019. MacBook Pro ya 2018 imeishia Sequoia (macOS 15), na ya 2017 imeishia Ventura (macOS 13).

Kwa hiyo mtu akikuuzia MacBook, fungua menyu ya tufaha, uingie About This Mac. Ukiona neno "Chip" na M1 au zaidi, uko salama. Ukiona "Processor" na Intel, bei ishuke sana au uiache. Na kabla ya kutoa pesa, mwombe muuzaji aifute yote, aiunganishe na Wi-Fi, aiwashe upya mbele yako. Ikitokea skrini ya "Remote Management", mashine bado imesajiliwa kwa kampuni fulani, na fundi wa mtaani hana uwezo wa kuiondoa huko.

Sasa tetesi zenyewe. Kipimo ninachokiamini ni kuuliza: jambo hili limepita mikononi mwa watu wangapi? Kubadili chipu kunagusa viwanda, wasambazaji na waundaji programu, kwa hiyo ni vigumu kulificha. Ijumaa ya tarehe 3 Juni 2005 CNET iliandika kwamba Apple inahamia Intel. Mashabiki wengi walikataa katakata, na Jumatatu Steve Jobs akalithibitisha jukwaani. Tarehe 2 Aprili 2018 Bloomberg iliandika kwamba Apple itaanza kutumia chipu zake kwenye Mac mwaka 2020, na tarehe 22 Juni 2020 Tim Cook akalitangaza. Rangi au jina ni jambo la watu wachache sana chumbani. Ndiyo maana naweka uzito kwenye tetesi za chipu na naacha za rangi zipite.

Chini ya hapo kuna alama zinazobaki ndani ya programu. Toleo la majaribio la macOS wakati mwingine hubeba vitambulisho vya mashine ambazo hazijatoka, kwa sababu mfumo lazima uzitambue siku zitakapowashwa. Vitambulisho hivyo ni kama Mac14,2, ambayo ni MacBook Air ya M2 ya inchi 13, au Mac14,15, ambayo ni ndugu yake wa inchi 15. Tarakimu za kabla ya mkato ni kizazi, za baada yake ni aina. Ukikutana na kitambulisho kipya, jua kuna mashine inayotengenezwa; bei na tarehe usizitafute humo. Karatasi za usajili za Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia ni hivyo hivyo. Vifaa vyenye usimbaji husajiliwa kabla ya kuuzwa kule, na huko zimewahi kuonekana namba za aina ya A na tarakimu nne, ile inayochorwa chini ya mashine, kama A2337 ya MacBook Air ya M1.

Alama za Geekbench, programu ya kupima kasi ya kompyuta, nazipa nafasi ya chini kabisa. Kitambulisho cha mashine ni maandishi tu, na anayeendesha macOS kwenye kompyuta isiyo ya Apple hukiandika apendavyo. Hata matokeo ya kweli hupotosha. Mwishoni mwa Juni 2020 zilivuja alama za kifaa cha majaribio cha waundaji programu, chenye chipu ya A12Z ya iPad, zikapimwa kupitia Rosetta, yaani programu ya Intel ikitafsiriwa. Walioichukua kama picha ya Mac zijazo walikosea mno. M1 ya Novemba ilikuwa chipu tofauti.

Kuhusu kungoja au kununua, kumbukeni tarehe 30 Oktoba 2024. Siku hiyo, pembeni mwa tangazo la MacBook Pro za M4, MacBook Air za M2 na M3 zilipandishwa RAM ya kuanzia kutoka GB 8 hadi 16, na bei ya chini ikabaki dola 999. Marekani aliyenunua wiki moja kabla aliweza kurudisha, kwani Apple inatoa siku 14. Kwetu maduka mengi yamebandika kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa sababu hiyo mtu wa hapa ana haja zaidi ya kungoja kuliko wa kule, hasa kuanzia Septemba hadi Novemba na wiki tatu kabla ya hotuba ya Juni. Na mkisikia bei ya dola, msiigeuze moja kwa moja kuwa shilingi. Mac mini ya M4 ilitangazwa kwa dola 599. Weka VAT ya asilimia 16 inakuwa karibu 695, na bado usafiri, tozo za kuingiza mali nchini (IDF na RDL) na faida ya muuzaji.

Toleo la majaribio la kwanza hutoka usiku ule ule wa hotuba, na tangu 2023 halihitaji kulipia uanachama. Usilitie juu ya mfumo unaofanyia kazi. Fungua Disk Utility, ongeza volyumu mpya ya APFS, yaani sehemu tofauti ndani ya diski ile ile, kwa alama ya kujumlisha, uhakikishe kuna GB 60 zilizo wazi, ulisakinishe humo. Usiingie kwa akaunti yako ya iCloud ya kila siku, kwa sababu mfumo mpya unaweza kubadilisha muundo wa Notes na Reminders, na mashine zako za zamani zikashindwa kuzisoma. Faili linazidi GB 12, basi bando la simu litaisha katikati. Chomeka chaja na uhakikishe betri imejaa, ili stima ikipotea usasishaji usikatike. Kurudi nyuma kwenye Mac za chipu ya Apple bila volyumu tofauti kunaweza kutaka Mac ya pili, kebo ya USB-C na hali ya DFU, ya kurejesha mfumo upya kupitia kebo, na data yote inafutika.

Hotuba ikimalizika, msizime simu. Fungueni ukurasa wa mfumo mpya, mteremke hadi chini kabisa, mtafute orodha ya mashine zinazokubalika na mwaka wa yenu. Kisha mngojee kikao cha saa 5 usiku.