Nilivyokagua Chaji ya Betri Zetu Mufindi kwa Masharti ya Vinu vya Nyuklia

Kwa miaka sita sasa ninahudumia kituo kidogo cha kufua umeme wa maji huku Mufindi, mkoani Iringa, Tanzania, upande wa mashamba ya chai, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sikukipa chumba cha betri uzito wowote. Niliingia mara moja kwa mwezi, nikaongeza maji ya betri, nikafuta vumbi, nikaandika volti daftarini, nikatoka. Mambo yalibadilika pale kampuni tuliyokata bima kwake ilipotaka maelezo ya maandishi ya kuonyesha kwamba betri zetu zinachajiwa kwa usalama. Meneja aliniwekea barua ile mezani akasema, "Fundi, hii ni ya kwako. Jibu liwe tayari kabla ya mwisho wa mwezi."

Kijitabu kilichokuja na chaja kilieleza vitufe vyake, basi. Nyaraka zilizokwenda ndani zaidi nilizikuta kwa watu ambao kazi yao yote ni kuhofia kuishiwa betri, yaani wasimamizi wa usalama wa vinu vya nyuklia. Tume ya Kudhibiti Nyuklia ya Marekani huweka miongozo yake wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Mwongozo namba 1.128 unahusu ufungaji wa betri za risasi na tindikali, na namba 1.129 unahusu matunzo, upimaji na wakati wa kuzibadilisha. Nchi yetu haina kinu cha nyuklia cha kufua umeme, kwa hiyo wenzangu walinicheka, na mmoja akauliza kama tumeanza kurutubisha urani mtoni.

Hofu ya wasimamizi hao ina sababu. Kinu kikizimwa hakipoi papo hapo. Sekunde chache baadaye mafuta yake bado hutoa joto la takriban asilimia 6 ya nguvu kamili, na joto hilo ni lazima liondolewe kwa saa na siku nyingi. Umeme wa gridi ukikatika na jenereta za dizeli zikagoma, kinachobaki kuwasha vipima na kuendesha vali muhimu ni betri. Huko Fukushima Daiichi, tarehe 11 Machi 2011, maji ya tsunami yalifika kwenye vifaa vya umeme, na mitambo namba 1 na namba 2 ikapoteza hata umeme wa betri, hadi wafanyakazi wakang'oa betri za magari ili wapate kusoma vipimo vya kinu. Sisi hatuna joto la kuhofia, ila seli zetu 55 za volti 110 ndizo zinazolisha relei za ulinzi, yaani vifaa vinavyogundua hitilafu, na koili za kukata breka, yaani swichi kubwa za kukata umeme wa laini. Zikiwa tupu siku laini inapopata hitilafu, breka haikati, na hasara yake anaijua kila aliyewahi kuona transfoma ikiungua.

Nilichokiona kwanza katika masharti ya vinu ni kwamba yanaihoji chaja kuliko betri. Chaja iwe na uwezo wa kubeba mzigo wote wa kawaida na papo hapo kuzijaza upya betri zilizoishiwa. Masharti ya mfano ya uendeshaji yanataka volti kwenye nguzo za betri ipimwe kila siku 7, pamoja na mkondo unaoingia betri zikiwa zimejaa, ambao katika masharti hayo usizidi ampea 2. Chaja ikiharibika, volti irudishwe ndani ya saa 2, mkondo uthibitishwe kila baada ya saa 12, na chaja yenyewe irudi kazini ndani ya saa 72. Nilikaa nayo sana saa hizo 72, kwa kuwa nilikumbuka kwamba mwaka mmoja chaja yetu ilikaa siku tisa ikisubiri kadi yake ya kielektroniki kutoka Dar es Salaam, na hakuna aliyeandika popote kwamba kituo kilikuwa kinaendeshwa kwa kubahatisha.

Baada ya hapo nikageukia gesi. Betri iliyokwisha kujaa ikiendelea kusukumiwa umeme huyachambua maji yake kuwa hidrojeni na oksijeni, na hidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba inaweza kushika moto kwa cheche ndogo tu. Kiwango cha IEEE 484, cha chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, ambacho mwongozo namba 1.128 umejengwa juu yake, kinataka isifike hata asilimia 2. Kila ampea inayozidi hutoa takriban lita 0.45 za hidrojeni kwa saa katika kila seli, kwa hesabu ya usawa wa bahari. Mufindi tuko karibu mita 1,900 juu, shinikizo la hewa ni dogo, na gesi ileile hutanuka kwa karibu robo zaidi. Nilichukua hali mbaya, yaani chaja imeharibika na inasukuma ampea 5 kwenye seli 55 zilizojaa, nikapata lita 150 na ushee kwa saa. Chumba chetu kina mita za ujazo 33 hivi. Bila feni, kingefikia asilimia 2 kwa muda wa saa nne na kidogo, yaani mtu akifunga mlango saa nne usiku, kabla ya saa tisa kikomo kimepitwa. Na hiyo ni hesabu ya gesi iliyochanganyika sawasawa, wakati hidrojeni hupanda na kujikusanya darini.

Nikiwa na karatasi ile mfukoni nilirudi kituoni saa tatu usiku, bila taarifa, mwezi wa Julai. Feni ilikuwa imezimwa. Mzee wetu wa ulinzi alikuwa ameketi nje, kigodani, chini ya tundu la kutolea hewa, amejifunika blanketi, na mbele yake jiko la mkaa linawaka vizuri.

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona usiku hivi?"

Nilimuuliza nani amezima feni. Akasema ni yeye, na kwamba huizima kila usiku tangu Mei, kwa sababu inamvumia upepo mgongoni na kelele yake inamzuia kusikia mtu akikanyaga majani. Sikuwa na la kumlaumu. Swichi ilikuwa ukutani bila maandishi yoyote, na hakuna aliyewahi kumweleza kilichomo ndani ya chumba kile. Tulilibeba jiko pamoja hadi getini, nikaiwasha feni, nikasubiri nusu saa kabla ya kuufungua mlango.

Ndani niliona la pili. Seli zilikuwa zinachemka kwa sauti ndogo, kama uji unaoanza kushika moto, na seli namba 31 ilikuwa na ukoko mweupe kuzunguka nguzo yake. Kipima changu kilionyesha volti 126.6, ambazo ni 2.30 kwa kila seli, ilhali tulipaswa kushikilia 2.23 kwa nyuzi joto 25 na kuongeza kidogo tu kwa ajili ya baridi. Seli zenyewe zilikuwa na nyuzi 20. Nilifuata waya mwembamba wa kihisi joto cha chaja kuanzia kwenye kadi yake, nikaukuta umepita nyuma ya rafu, umepanda ukutani, na kihisi chenyewe kimebandikwa kwa utepe kwenye fremu ya dirisha, chini ya kioo kilichovunjika. Waliopaka rangi miaka miwili nyuma walikibandua kutoka kwenye seli ili wapate nafasi, na hawakukirudisha. Chaja ilikuwa inasoma baridi ya nje, nyuzi 7, ikaamini betri zimeganda, ikawa inaongeza volti 4 usiku kucha. Kumbe maji niliyokuwa nikiyaongeza kila mwezi, nikidhani ni uzee wa betri, yalikuwa yanageuka gesi juu ya kichwa cha mzee.

Marekebisho yenyewe hayakuchukua siku nyingi. Kihisi kilirudi kwenye ubavu wa seli ya katikati. Swichi ya feni ilihamia chumba cha uendeshaji, na tukafunga kihisi cha upepo kwenye bomba lake ili feni ikisimama chaja izimike na taa nyekundu iwake. Tuliongeza relei ya volti inayojitegemea, isiyosomea kadi ya chaja, ambayo huikata chaja volti zikifika 132. Hapo nilibishana kidogo na meneja, aliyesema chaja ina kinga yake ndani. Nilimjibu kwamba kadi iliyodanganywa na kihisi haiwezi kuwa shahidi wa makosa yake yenyewe, na akasaini. Sasa tunapima volti na mkondo kila Jumatatu, na kipimo cha uwezo wa betri kushika chaji tumekipangia kila miaka mitano. Betri zikishuka chini ya asilimia 80 ya uwezo ulioandikwa na kiwanda tutazibadilisha, kama kiwango cha IEEE 450 kinavyoshauri.

Chaja ya pili bado hatuna. Niliiandika wazi katika jibu la bima, pamoja na ahadi ya saa 72 na jina la cheo cha atakayepiga simu saa ya kwanza, na wao wakakubali kwa sharti kwamba iwemo kwenye bajeti ijayo. Kwa mzee tulijenga kibanda cha mabanzi karibu na geti, mita 30 kutoka kwenye betri, na jiko lake liko humo. Tangu kihisi kirudi mahali pake imepita miezi mitatu, na chombo cha maji ya betri nilichokifungua siku ile hakijafika nusu.