Minazi ya Kokap na minazi yetu ya Mambrui

Nikitaja Indonesia hapa Malindi, mtu huniuliza habari za Bali. Bali sikukaa. Nilikaa Kokap, tarafa ya milimani katika wilaya ya Kulon Progo, magharibi ya jiji la Yogyakarta, kisiwani Java. Nilikwenda kusoma kwa ufadhili wa KNB, ule ambao serikali yao huwapa wanafunzi wa nchi zinazoendelea. Masomo yalipokwisha nikahamia kijijini, kwa wazazi wa rafiki yangu wa chuoni. Sasa nimerudi Mambrui, kaskazini kidogo ya Malindi, na swali ninaloulizwa sana ni kama mtu wetu anaweza kununua kiwanja huko. Nitalijibu. Lakini kuna jambo la minazi, la kupika sukari kutokana na utomvu wake, ambalo hakuna anayeniuliza, na ndilo hasa lililonikalisha niandike.

Safari yenyewe si ngumu. Ndege kutoka Nairobi kupitia Ghuba hadi Jakarta, halafu treni mpaka Wates, makao makuu ya wilaya. Siku hizi upo pia uwanja mpya wa ndege hukohuko Kulon Progo, ulioanza kazi kikamilifu mwaka 2020. Kutoka Wates unapanda ojek, ambayo ndiyo bodaboda yao. Njia ni nyembamba na mlima umesimama kwelikweli. Msimu wao wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, udongo huporomoka, kwa hivyo usipange kupanda jioni.

Mgeni akilala kijijini, taarifa zake zapaswa kufika kwa mkuu wa mtaa ndani ya saa 24. Kibao cha kukumbusha kimesimamishwa njiani, kila mtu anakiona. Sisi nasi tuna Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda mtaa wao, tangu 2013, lakini kule jambo hili linaishi. Usiku wanaume hupokezana zamu ya ulinzi, na kila nyumba imetundika kikombe kidogo msumarini, karibu na mlango. Ndani ya kikombe mna konzi ya mchele au sarafu. Walinzi wakipita humimina kwenye mfuko wao, na kinachokusanywa hutengeneza taa za njia au humwendea aliyefiwa. Mama mwenyeji wangu alikuwa akikijaza kikombe baada ya sala ya magharibi, hata siku ambazo jikoni hamkuwa na kitu cha maana. Nilipomwomba nikijaze mimi aliniruhusu, na tangu hapo majirani wakaanza kunituma dukani kama mtoto wa nyumba.

Dini ilinirahisishia mengi. Alhamisi usiku watu hukusanyika kwa tahlili, na aliyefariki husomewa siku ya tatu, ya saba, ya arubaini, ya mia, hadi ya elfu. Usiku mmoja wa Maulidi niliwasikia wakisoma Maulidi ya Habshi, ileile inayosomwa Lamu, Msikiti wa Riyadha. Masharifu wa Hadhramaut, kule Yemen, walifika pande zote mbili za bahari hii. Nililia waziwazi, na wanawake waliokaa nami hawakuuliza kwa nini.

Sasa minazi.

Kule mgema hupanda mnazi alfajiri na kurudi tena alasiri. Shina limekatwa vidato kama minazi yetu, karara limefungwa na kuinamishwa, ncha inakatwa kipande chembamba kila siku kwa kisu kikali. Mgiriama yeyote anayejua kutumia kotama, kisu cha kugemea, angemtazama mgema wa Kokap na kumwelewa bila mkalimani. Tofauti iko kwenye chombo. Mgema wetu hapendi kukiosha sana, kwa sababu masalia ya jana ndiyo yanayochachusha haraka tembo la leo, yaani utomvu wa mnazi. Mgema wa Kokap hukisafisha kila mara, kisha hutia chokaa kidogo pamoja na maganda ya mangostini ndipo akitundike. Kazi ya chokaa ni kuzuia tembo lisichache hadi lifike jikoni.

Na jikoni ndiko kwenye kazi hasa. Mama mwenyeji alichuja tembo, akalimimina kwenye karai kubwa, akawasha kuni. Kwanza linatoa povu jeupe hadi linataka kumwagika, na yeye hutupia nazi kidogo iliyokunwa, povu likashuka. Saa zinapita. Rangi inakuwa ya chai, kisha ya asali, na mapovu yanakuwa makubwa na mazito. Hapo huchota tone akalidondosha kwenye kikombe cha maji baridi. Likigandamana, anaondoa karai motoni papo hapo, kwa kuwa dakika chache zaidi huiunguza sukari ikawa chungu. Akitaka sukari ya vipande anaimimina kwenye vifuu. Akitaka ya chenga anaikoroga mpaka ipoe, kisha anaisaga na kuisugua kwa kitako cha kifuu, anaichekecha na kuianika. Hiyo ya chenga ndiyo inayopandishwa meli kwenda Ulaya na Marekani. Lita saba au nane za tembo hutoa kama kilo moja.

Sitaki kuipamba kazi hii. Wagema huanguka, na katika vijiji vile hukosi kumkuta aliyevunjika mgongo. Moshi wa kuni unamwingia mama machoni na kifuani kila siku ya Mungu. Wanunuzi wa kati huwakopesha wagema kabla ya mavuno, halafu wao ndio wanaopanga bei, kama madalali wa madafu huku kwetu. Vikundi vya wakulima vilivyojiunga vikauza pamoja vimepata nafuu, na hilo nimeliona mwenyewe. Asiye na minazi hugema ya mwenzake: siku kadhaa tembo ni lake, siku kadhaa ni la mwenye shamba. Hakuna anayemwandikia mwenzake deni.

Nirudi kwa kiwanja. Jibu ni hapana, na mimi naona ni sawa. Sheria yao ya msingi ya ardhi ya mwaka 1960 imempa raia peke yake umiliki kamili. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi anaweza kukodi, au kupata haki ya kutumia ardhi kwa miaka 30, inayoongezeka kwa 20 na kuhuishwa kwa 30. Akitaka kufungua kampuni ya kigeni, anatakiwa kuwekeza zaidi ya rupia bilioni 10 bila kuhesabu ardhi na majengo, yaani kama shilingi milioni 80 zetu. Wapo wanaozunguka kwa kuandikisha ardhi kwa jina la mwenyeji. Msifanye hivyo. Mkataba wa namna hiyo ni batili, na ardhi huangukia serikalini. Ndugu zangu, sisi tuliokulia Malindi tumeona ufuo ukizungushiwa kuta hadi mvuvi anatafuta pa kupita na wavu wake, ilhali Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 65, nayo inampa mgeni ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Sikuona haki ya mimi kutamani kule nisichokipenda hapa.

Kwa hiyo fedha niliyokuwa nimeiweka kando sikuitia kwenye ardhi ya mtu. Nilinunua sukari kwa kikundi cha akina mama kwa bei yao wenyewe, nikaja nayo kama sampuli, na iliyobaki nikanunulia makarai, vyungio na mikanda ya kupandia ya hapa Mambrui. Mjomba ana minazi nyuma ya nyumba, mingi imezeeka, nazi zake zinaanguliwa mara chache kwa mwaka na bei haieleweki. Aliposikia neno kugema alikunja uso.

"Mjomba, tembo hili haliendi mangwe kunywewa," nikamwambia.

"Na likichacha je, mwanangu?"

"Likichacha halishiki. Linabaki uji, sukari haitoki. Kwa hivyo hata faida yetu inataka lisichache."

Alinyamaza, akatia kipande cha sukari kinywani, akanywea kahawa ya tangawizi. Kisha akaniuliza kama chokaa hiyo ni ya uraibu. Ni hiyohiyo, chokaa ya kulia tambuu. Akanipa minazi iliyo karibu na kisima, na sharti moja: mgema asipande akiwa amekunywa. Sharti hilo nimelikubali kwa moyo wote.

Mgema wetu ni kijana wa Kigiriama ambaye babu yake alikuwa mgema pia. Namlipa kwa lita, tembo likiwa tamu. Kuosha vyombo kulimchosha mwanzoni, sasa anavigombania mwenyewe. Karara linalogemwa halizai nazi, kwa hivyo hatugemi minazi yote. Inayozaa vizuri tunaiacha izae. Kuni zinanisumbua zaidi. Nachoma makumbi na vifuu kwanza, mti nauweka nyuma, na ninatafuta fundi wa kunijengea jiko lenye bomba la moshi, kwa sababu shangazi ndiye anayekaa mbele ya karai na kifua chake nakihitaji salama.

Mwenye minazi kuanzia Sabaki hadi Ngomeni anayetaka kujaribu, aanze na miwili tu, iliyo mifupi, na awe na maji ya kuoshea vyombo karibu. Mgema wangu yuko tayari kufundisha wengine, kwa malipo. Karai huwekwa motoni saa mbili asubuhi, na ikifika saa sita sukari imeshashika, kwa hivyo anayetaka kuona kazi yote asichelewe.