Mzee Aliyekuwa na "Bob" Chache

Nilipoanza kutafsiri kwa malipo, nililetewa tanzia ya mzee mmoja wa Uingereza ambaye, kwa maneno ya mwandishi, alikuwa na thamani ya "a few bob". Nikaandika kwamba marehemu aliacha shilingi chache. Niliporudia kuisoma kabla ya kuikabidhi, nikashangaa mbona mtu mwenye shilingi chache aliacha nyumba mbili na shamba.

Mimi ni mtu wa Nairobi, na hapo ndipo nilipoponzwa. Kwetu neno "bob" ni shilingi tu, hai kabisa: makanga husimama mlangoni mwa matatu akipaza sauti "hamsini bob!", na sarafu ya "ten bob" humtosha mtoto kununua andazi moja. Neno hili tulilirithi kwa Waingereza, lakini wao wenyewe waliiacha shilingi tarehe 15 Februari 1971, walipoanza kuigawa pauni katika peni 100. Kabla ya hapo pauni moja ilikuwa na shilingi 20, na kila shilingi ilikuwa na peni 12. Kwa hiyo mzee wa London anaposema "ten bob" mara nyingi anakumbuka nusu pauni ya ujana wake, ile noti ya kahawia iliyoondolewa mwaka 1970 baada ya sarafu ya peni 50 kuchukua nafasi yake. Katika semi, neno limeganda: mwenye "a few bob" ni tajiri, kwa kuwa Mwingereza hupenda kuutaja utajiri kwa kuupunguza.

Pauni yenyewe huitwa "quid", nayo haibadiliki katika wingi, iwe moja au hamsini. "Grand" ni elfu moja. Na anayemaliza kukuelekeza njia kwa kusema "Bob's your uncle" hazungumzii fedha wala mjomba wa mtu, bali anakwambia kwamba ukifanya hivyo tu, basi, umefika.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu kamusi haikunidanganya. Iliniambia "bob" ni shilingi, na ni kweli. Kilichokosekana ni kujua nani anasema, na anasemea wapi. Nilifuta sentensi yangu, nikaandika kwamba marehemu alikuwa mtu mwenye nacho.