Sumaku Isiyoshika: Jumapili Moja Katika Bandari ya Manowari ya Kiel

Mjomba wangu alitumikia meli za mizigo zilizokuwa zikitoka Hamburg kwa zaidi ya nusu ya umri wake, na alipostaafu hakurudi Mombasa, bali alipanga nyumba ndogo katika mji wa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, mahali ambapo ghuba nyembamba ya Bahari ya Baltiki inaishia. Nilimtembelea Juni 2018, siku ya pili baada ya Idi, nikiwa nimemaliza mafunzo ya mitambo ya meli na nikiwa na wiki moja tu kabla ya kurudi nyumbani. Ilikuwa Wiki ya Kiel, tamasha la mashindano ya mashua za tanga ambalo asili yake ni mwaka 1882, na katika wiki hiyo jeshi la wanamaji hufungua malango ya Bandari ya Tirpitz ili raia wapande manowari na kuziona kwa macho yao. Asubuhi ya Jumapili nilipomwamkia, mjomba aliitikia "marahaba" huku tayari amevaa viatu, akaniambia, "Twende, mwanangu. Leo nitakupeleka kwa wenye ule mzinga wako."

Mzinga alioutaja niliujua vizuri. Uko Ngomeni, yaani Fort Jesus, na tulipokuwa watoto wa chuo cha Kurani tulikuwa tukipita hapo jioni na kuupanda kana kwamba ni punda. Ni mzinga wa meli ya Kijerumani Königsberg, manowari ya urefu wa mita 115 iliyobeba mizinga kumi ya aina hiyo, ambayo Septemba 1914 iliingia bandari ya Unguja alfajiri na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Mambo hayo nilikuwa nimeyasoma. Lakini kuna jambo moja ambalo sikuwa nimelijua mpaka mjomba aliponieleza ndani ya basi: Königsberg iliundwa Kiel hapo hapo, ikashushwa majini mwaka 1905 katika karakana iliyokuwa ng'ambo ya ghuba tuliyokuwa tukiitazama kupitia dirishani.

"Unajua kwa nini Waingereza walikaa miezi wakiizunguka bila kuifikia?" aliniuliza.

"Waliogopa mizinga yake, mjomba."

"La. Maji mafupi. Meli zao zilikuwa kubwa na nzito, zikiingia Rufiji mkuku unakaa matopeni. Ikabidi waletewe Severn na Mersey, meli za mtoni zilizoundwa kwa ajili ya Brazili, ambazo zilizama chini ya mita mbili tu. Ndizo zilizoimaliza Julai 1915. Sasa Wajerumani wa leo wana flotila nzima, yaani kundi la manowari chini ya amri moja, ambayo kazi yake ni maji mafupi. Hiyo ndiyo nataka uione."

Mimi ni mtoto wa Kilindini, mahali palipopewa jina lake kwa sababu ya kilindi, na nilikuwa nimekua nikiamini kwamba bahari ya kweli ni ile yenye kina na kwamba manowari ya kweli ni ile kubwa. Manowari za Kijerumani nilizozijua zilikuwa frigeti, kwa sababu Machi 2009 frigeti Rheinland-Pfalz ililetwa Mombasa ikiwa na washukiwa tisa wa uharamia waliokamatwa katika Ghuba ya Aden, wakakabidhiwa serikali ya Kenya ili washtakiwe, na mji mzima ulizungumza habari hiyo. Mjomba naye alikuwa na sababu zake za kuzikumbuka, kwani katika miaka hiyo alipita Ghuba ya Aden ndani ya msafara wa meli za biashara zilizokuwa zikilindwa, usiku kucha taa zimezimwa, na alisema hakuwahi kufurahi kuona umbo la kijivu upeoni kama alivyofurahi alfajiri ile. Lakini frigeti, alinieleza, ni za Flotila ya Pili, ambayo makao yake ni Wilhelmshaven kwenye Bahari ya Kaskazini, na zimeundwa kwa safari ndefu za bahari kuu. Flotila ya Kwanza ina makao yake Kiel. Iliundwa mwaka 2006, na chini yake ziko korveti za Warnemünde, ambazo ni manowari ndogo kuliko frigeti, nyambizi za Eckernförde, meli za kuwinda mabomu za Kiel, meli za huduma, na kikosi cha askari wa majini chenye wapiga mbizi wanaotegua mabomu.

Tulipoingia langoni jambo la kwanza lililonishangaza lilikuwa maji yenyewe. Yalikuwa yametulia usawa mmoja kwenye ukuta wa gati, na ukuta haukuwa na ule mstari mpana wa chaza na ukoga ambao kwetu huonyesha bahari imepanda na kushuka wapi. Baltiki haina kupwa na kujaa kwa maana tunayoijua sisi. Kwetu bamvua hushusha maji zaidi ya mita tatu na meli hupangiwa saa zake kwa kuyafuata, lakini hapa nahodha hungoja upepo tu. Halafu kina chake: kwa wastani bahari hiyo yote ina mita 55 hivi. Nilisimama nikilihesabu jambo hilo kichwani, kwa sababu baadhi ya meli zilizofungwa pale zina urefu unaokaribia mara mbili ya kina hicho.

Korveti ndiyo iliyokuwa na foleni ndefu, nasi tukapanga kama wengine. Ni meli ya daraja la Braunschweig, urefu wake mita 89, uzito wa tani 1,840, na wakati huo zilikuwa tano, za kwanza zikiwa zimeanza kazi mwaka 2008, huku nyingine tano zikiwa zimeagizwa mwaka 2017. Mabaharia wake hawafiki hata 70. Ina mzinga wa milimita 76 omoni, makombora manne ya kupiga meli ambayo huweza kufika zaidi ya kilomita 200, na mitambo miwili ya makombora madogo ya kujikinga, kila mmoja ukiwa na makombora 21. Nyuma kuna uwanja wa helikopta, lakini hakuna banda la kuilaza helikopta hiyo, na hilo lilimfanya mjomba atikise kichwa. Korveti za aina hii zimetumika sana pwani ya Lebanoni chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, zikichunguza meli zinazoingia na kutoka. Niliyaandika yote hayo katika daftari langu, lakini ukweli ni kwamba nilipokuwa nikishuka ngazi nilijihisi nimeona meli nzuri ambayo ningeweza kuielewa bila kuja Kiel. Mbele ni mzinga, juu ni rada, pembeni ni makombora. Ilikuwa binti wa ile Königsberg, aliyepunguzwa kimo na kuongezewa macho.

Kisha tukafika kwenye meli ambayo haikuwa na foleni.

Ilikuwa ndogo, mita 54 tu, ya daraja la Frankenthal, na kazi yake ni kuwinda mabomu yaliyotegwa chini ya maji. Nje yake hakukuwa na jambo la kumvuta mtu isipokuwa winchi na mashua za mpira. Baharia mmoja wa kike, fundi wa sonari, yaani mtambo wa kutafuta vitu chini ya maji kwa sauti, alitukaribisha, na alipojua mimi ni fundi mitambo alianza kueleza kwa utaratibu, kwa Kiingereza cha polepole, bila haraka ya mtu mwenye wageni wengi nyuma yetu. Mjomba alikuwa amenunua langoni sumaku ya kubandika kwenye friji, yenye picha ya nanga. Baharia yule aliiona mkononi mwake, akatabasamu, akamwambia ajaribu kuibandika kwenye ubavu wa meli.

Mjomba aliibandika na kuiachilia. Sumaku ilianguka juu ya sitaha. Akaiokota akajaribu tena mahali pengine, kwa kuisukuma zaidi, nayo ikaanguka tena. Niliichukua mimi nikajaribu penye ukingo ambapo rangi ilikuwa imekwaruzika na chuma kuonekana, na hapo pia haikushika. Nimefanya kazi na vyuma tangu nilipokuwa na umri wa miaka 17, na nilijua kwa akili kwamba kuna vyuma visivyovutwa na sumaku, lakini kuushika ubavu wa meli nzima uliotengenezwa kwa chuma cha namna hiyo ni kitu kingine kabisa. Sababu yake ni hii: meli ya chuma cha kawaida ni kama sumaku kubwa inayotembea, na bomu lililolala chini ya bahari husubiri lihisi sumaku hiyo ipite juu yake ndipo lilipuke. Katika bahari yenye mita elfu za kina bomu la sakafuni halimfikii mtu, lakini katika mita 20 au 30 linatosha kuikata meli mkuku. Ndiyo maana meli inayokwenda kulitafuta lazima isihisiwe. Nyambizi za flotila hiyo pia, alituambia, zimetengenezwa kwa chuma cha jinsi hiyo hiyo.

Alitupeleka katika chumba chenye giza ambamo sonari husomwa. Hapo alitueleza ugumu wa Baltiki ambao sikuwahi kuufikiria: maji yake yana chumvi kidogo, na hukaa kwa matabaka, yale mepesi ya mito juu na yale mazito ya chumvi chini, hivyo sauti ya sonari ikigonga mpaka wa tabaka hupinda na kupotoka. Nyambizi hujificha chini ya tabaka hilo. Na juu ya sakafu kumelala takataka za vita viwili vikuu, mabomu ya kweli yakiwa yamechanganyika na mawe, mapipa na nanga zilizokatika, na kila kivuli kwenye kioo lazima kiamuliwe kimoja kimoja. Kinapotiliwa shaka, hushushwa chombo kidogo kiitwacho Seefuchs, chenye urefu wa mita moja na ushee, ambacho huongozwa kwa waya mwembamba na kubeba kamera pamoja na baruti yake, na ikibidi hulipuka pamoja na bomu. Nilimuuliza huchukua muda gani kusafisha njia moja ya meli. Alijibu kwamba hutegemea sakafu, na kwamba kuna siku wanakwenda polepole kuliko mtu anayetembea ufukweni. Mwaka 1991 meli za kazi hiyo kutoka Ujerumani zilikwenda hadi Ghuba kusafisha mabomu yaliyotegwa mbele ya Kuwait, na nilipolisikia hilo nilifikiria majahazi yetu yaliyokuwa yakifika huko kwa pepo za kusi.

Mjomba alitaka kujua kuhusu nyambizi, kwa kuwa hakukuwa na hata moja gatini siku hiyo. Flotila ina sita, U31 hadi U36, zinazoweza kuendeshwa kwa seli za haidrojeni, yaani mitambo inayozalisha umeme kutokana na gesi hiyo, ili ziweze kukaa chini bila kuvuta hewa, na mwaka 2013 U32 ilikaa majini siku 18 mfululizo bila kuibuka. Hata hivyo sote watatu tulijua kwamba Oktoba 2017 U35 iligonga mwamba karibu na Norwei na kuharibika usukani, na kwa kuwa nyingine tano zilikuwa zikingoja matengenezo na vipuri, hakukuwa na hata moja iliyoweza kwenda baharini. Baharia hakulikwepa jambo hilo. Alisema tu kwamba mwamba haujali teknolojia. Mimi kama fundi nilimheshimu kwa jibu hilo, kwani nimeona bandarini kwetu jinsi tagi nzuri ya kuvuta meli inavyoweza kulala miezi kwa kukosa pampu moja, na naamini nguvu ya kundi lolote la meli hupimwa ghalani kwa vipuri kabla ya kupimwa baharini.

Tulitoka saa kumi na moja kasoro, na gati lilikuwa limekwisha kuwa tupu, kwa sababu Ujerumani ilikuwa ikicheza na Meksiko katika Kombe la Dunia na kila mtu alikuwa amekimbilia penye televisheni. Tulikaa kwenye benchi tukitazama ng'ambo, ambako karakana za nyambizi zinasimama leo. Mjomba aliitoa sumaku mfukoni akanipa. "Ipeleke Ngomeni," alisema.

Nilirudi Mombasa wiki iliyofuata. Ijumaa baada ya swala nilikwenda Fort Jesus, nikalipa kiingilio changu, nikasimama mbele ya mzinga wa Königsberg ambao kwa sasa nauona mfupi kuliko nilivyoukumbuka. Nilibandika sumaku kwenye tako lake, nayo ikashika mara moja kwa mlio mdogo, hata nilipotaka kuing'oa ilinibidi kutumia ukucha.