Dozi asubuhi, mdundiko jioni: nilivyotoka kwenye unga

Watu wanaona teja akishaanza methadoni, ile dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga wa heroini, basi yameisha, mi naona hapo ndo kazi inaanza. Unapanda daladala mpaka kliniki Temeke, unapanga foleni, unapewa dozi kwenye kikombe unainywa palepale nesi anakuangalia, anakusemesha kidogo ajue umemeza, umemaliza. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, huisikii mpaka kesho. Sasa saa tatu asubuhi huna kazi, nyumbani hawakuamini hata na rimoti ya tivii, unaenda wapi? Maskani. Ndo wenzangu wengi waliporudia kete na methadoni wanakunywa kila siku.

Mi kilichonishika ni mdundiko. Kwa mama sie Wazaramo, mjomba anapiga ngoma kwenye harusi na kumtoa mwali. Nikamfuata Mbagala, shikamoo mjomba, naomba niwe nakubebea ngoma. "Marahaba. Ukiiuza hii, mama yako asije kunililia." Akanipa kazi ya moto. Kabla ya kupiga unawasha makaratasi, unaizungusha ngoma juu yake ngozi ikaze, ukizidisha inapasuka, ukipunguza inalia kama ndoo, kila saa unaigonga kwa kidole unasikiliza. Kazi ile huwezi kuifanya unasinzia. Halafu inaanza kuzunguka mtaa, kinamama nyuma wanacheza, na wewe upo katikati yao, walewale waliokuwa wakikuona wanahamisha pochi.

Kuna siku mshauri wetu wa kliniki alituhadithia habari za Esk'etemc, wenyeji wa asili wa Alkali Lake kule British Columbia, Kanada. Pombe ilikuwa imekimaliza kijiji. Mwaka 1972 mama mmoja, Phyllis Chelsea, akaacha, mumewe Andy akafuata, wengine wakaja taratibu, na baadae wakarudisha ngoma na kibanda chao cha mvuke wanachoingia kujisafisha na kuomba, mambo ambayo watoto wao walipigwa marufuku kwenye shule za bweni za misheni. Nikawaza, wenzetu walinyang'anywa, sie ngoma ipo hapo nje tunaiita ushamba!

Ila msinielewe vibaya, ngoma haitoi arosto. Mwili ukiuma vile hata kijiti hushiki. Na wale waganga wanaotaka hela wakutoe jini la unga ukiwa umeacha dozi, achaneni nao kabisa.

Kilichobadilisha mtaa ni mjomba kusimama kwenye mkutano wa serikali ya mtaa, maana kuku akipotea tu teja anapigwa. Mzee akasema huyu kijana anatembea na ngoma zangu za laki kadhaa, mkimpiga mmenipiga mimi. Watu wakacheka, lakini mjumbe akasema kuanzia sasa mtu akishukiwa aletwe kwake kwanza. Sio kwamba wote wanatii, ila nafuu ipo.

Sasa hivi na mimi naleta vijana wa maskani wabebe. Mjomba hawaulizi kabila wala waliiba nini, anauliza "Umekunywa dozi leo?" na kama hujanywa, hugusi ngoma yake.